Nafasi Yenye Umbo la Theofilini

Theofilini na kafeini zinafanana mno. Zote mbili zimo katika majani ya chai, ingawa kafeini ni nyingi na theofilini ni chembe tu. Zote zina kiini kilekile cha pete mbili zilizoshikana, zenye naitrojeni nne na oksijeni mbili. Tofauti yao iko mahali pamoja: kwenye naitrojeni inayohesabiwa kuwa ya 7, theofilini ina atomu moja ya haidrojeni, na kafeini ina kikundi cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Basi. Lakini theofilini ni dawa ya pumu ambayo daktari hutaka kujua kiasi chake katika damu, kwa sababu kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita humsaidia mgonjwa, na ikizidi hapo huweza kumletea kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege. Kafeini, kwa upande wake, mgonjwa huyohuyo ameinywa asubuhi kwenye kikombe. Anayepima damu hana budi kuikamata moja na kuiacha nyingine ipite.

Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Klaus Mosbach na wenzake katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Walikuwa wametengeneza unga wa plastiki, wa jamii moja na ile akriliki inayotumika badala ya kioo, ulioweza kuishika theofilini na kuipuuza kafeini karibu kabisa: mwingilio wa kafeini katika vipimo vyao ulikuwa chini ya asilimia 1. Kwa ubaguzi mkali wa namna hiyo watu walikuwa wamezoea kutegemea kingamwili, protini ambazo mwili wa mnyama huzitengeneza baada ya kudungwa kitu kigeni. Hapa hapakuwa na mnyama. Palikuwa na chupa, kemikali chache na joto la kadiri.

Unga huo ni polima yenye chapa ya molekuli. Mtoto akikanyaga sakafu ya saruji mbichi, mguu huondoka na umbo lake hubaki, na hata miezi ikipita mguu wa ukubwa uleule ndio utakaoingia pale sawasawa. Mkemia hufanya jambo hilo kwa kitu ambacho upana wake haufiki hata nanomita moja. Huiweka molekuli anayoitaka, inayoitwa kiolezo, katikati ya vijenzi vya plastiki, huviacha vijipange kuizunguka, huvigandisha, kisha huitoa. Kinachobaki ni tundu lenye umbo la kilichoondoka, na kutani mwa tundu hilo kuna vikundi vya kikemia vilivyokaa palepale vilipokuwa vimeishika molekuli ile.

Tundu hilo hakuna anayelichonga. Fundi haoni linapoundwa, hawezi kulirekebisha, na hata baada ya kazi kuisha hana hadubini ya kumwonyesha kama limetoka vizuri. Anachoweza ni kuandaa mazingira na kusubiri. Ndiyo maana ustadi wa kazi hii umejificha katika shughuli ambazo mgeni akiingia maabara angeziona za kibarua: kusafisha viyeyushi, kufukuza hewa, kuponda, kuchekecha, kuosha siku nzima, na kutengeneza polima ya pili isiyo na kazi yoyote ila kulinganishwa na ya kwanza. Mimi nadhani heshima ya kazi hii iko hapo, na huko ndiko ninakotaka kukaa kwa muda.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko plastiki zake. Mwaka 1931 M. V. Polyakov, mkemia wa Kiev, alieleza jambo alilolikuta kwenye jeli ya silika. Aliiacha ikauke polepole, kwa majuma, mbele ya benzini, toluini au zailini, na baadaye akaona kwamba silika iliyokauka pamoja na mojawapo ya vimiminika hivyo ilipenda kukivuta kilekile ilichokauka nacho. Mwaka 1940 Linus Pauling wa California alidhani mwili hutengeneza kingamwili kwa njia ya namna hiyo, protini ikijikunja kuizunguka sumu na kukariri umbo lake. Kuhusu kingamwili alikosea. Hata hivyo mwanafunzi wake Frank Dickey alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye silika, na mwaka 1949 alionyesha kwamba silika iliyogandishwa pamoja na rangi ya methili chungwa huivuta rangi hiyo kuliko ndugu zake zenye mkia wa ethili, propili au butili. Nadharia iliyokosea kuhusu mwili ilikuwa sahihi ndani ya chupa.

Plastiki ziliingia mwaka 1972, Ujerumani, kwa Günter Wulff na Ali Sarhan. Njia yao ilikuwa ya kufunga kwa kifungo halisi cha kikemia. Asidi ya boroniki hushikana na sukari kwenye vikundi viwili vya hidroksili vilivyo jirani, na kifungo hicho huweza kukatwa kwa maji. Kwa hiyo baadaye Wulff aliweza kuifunga sukari moja, iitwayo fenili manosidi, kwenye molekuli mbili za asidi ya boroniki zenye mkia unaoweza kuingia kwenye plastiki, akagandisha vyote, kisha akaikata sukari na kuiosha nje. Asidi mbili zilibaki zikitazamana kwa umbali na pembe ya sukari ile, na polima iliweza kuitenga sukari hiyo na pacha wake wa kiooni, ambaye ana atomu zilezile zilizopangwa kinyume. Ni kazi nadhifu sana. Udhaifu wake ni kwamba si kila molekuli inakubali kufungwa na kufunguliwa kwa upole hivyo.

Mosbach alichagua njia iliyo legevu zaidi, kuanzia makala aliyoandika na Reza Arshady mwaka 1981: kutofunga kitu, na kuacha vifungo hafifu vya haidrojeni na mvuto wa chaji vifanye kazi. Vifungo hivyo huvunjika na kuungana tena kila wakati. Njia hii ndiyo iliyoenea, kwa sababu inakubali dawa, sumu, viuatilifu, karibu chochote chenye mahali pa kushikwa. Lakini kadiri njia inavyokuwa rahisi kuanza, ndivyo inavyodai uangalifu katika kila hatua. Kifungo halisi humvumilia fundi mzembe. Kifungo cha haidrojeni hakimvumilii.

Tuchukue theofilini yenyewe. Uwiano ambao wengi huanza nao ni 1 kwa 4 kwa 20, kwa hesabu ya moli: kiolezo kimoja, molekuli nne za kijenzi cha kushika, ishirini za kijenzi cha kukaza. Kijenzi cha kushika ni asidi ya methakriliki, molekuli ndogo inayoweza kutoa haidrojeni na pia kuipokea. Kijenzi cha kukaza ni ethileni glikoli dimethakrileti, chenye ncha mbili zinazoingia kwenye minyororo miwili tofauti na kuifunga pamoja. Kwa mizani, hiyo ni theofilini miligramu 180, asidi miligramu 344, na kikazaji karibu gramu 4. Ukiangalia namba hizo unaona kwamba sehemu kubwa ya kitu kizima ni ukuta. Karibu vijenzi vitano kati ya kila sita viko pale kwa ajili ya ugumu tu, ili tundu lisibonyee baada ya kiolezo kutoka.

Hiyo nne nayo ina hoja yake. Theofilini moja na asidi zake haziungani moja kwa moja. Zinakutana na kuachana, na ukiongeza asidi unaongeza muda ambao theofilini inakuwa imeshikwa vizuri. Kwa hiyo mtu angeweza kufikiri kwamba asidi kumi ni bora kuliko nne. Tatizo ni kwamba asidi ambazo hazikuishika theofilini nazo huganda ndani ya plastiki, kila moja mahali popote ilipokutwa, na kesho zitashika chochote kinachopita. Ukipunguza, matundu yanakuwa machache na yaliyopinda. Ukizidisha, polima inakuwa na pupa. Uwiano huo ni pa kuanzia tu. Kwa kila kiolezo kipya fundi huutafuta upya, na siku hizi kompyuta humsaidia kuchuja vijenzi vingi kabla hajafungua chupa hata moja.

Kiyeyushi ndicho mahali ambapo wanafunzi wengi hupoteza wiki bila kujua kwa nini. Kiyeyushi kinafanya kazi mbili. Kwanza kinaamua kama vifungo vya haidrojeni vitaishi: maji na alkoholi hushindana navyo na kuvivunja, ilhali klorofomu, toluini na asetonitrili huviacha. Pili, kinapojitenga na plastiki inayoganda, kinaacha vinyweleo ambavyo molekuli zitapita baadaye kufika kwenye matundu. Sasa, klorofomu ya dukani mara nyingi huwa imetiwa ethanoli kidogo, kama asilimia nusu hadi moja, ili isioze kwa mwanga na hewa. Ethanoli hiyo haionekani, haiandikwi katika maelezo ya jaribio, na inatosha kuzigombanisha theofilini na asidi zake. Fundi anayejua huipitisha klorofomu kwenye alumina kabla ya kuitumia, siku hiyohiyo. Vijenzi navyo huja kutoka kiwandani vikiwa na kizuizi cha kuvizuia visigande njiani, na lazima kitolewe, ama kwa kupitisha kwenye alumina au kwa kuosha na soda kali na kukausha, na ile asidi kwa kuikeneka katika hali ya ombwe. Kianzishi kiitwacho AIBN huyeyushwa kwenye methanoli na kuachwa kijifanye fuwele upya, kisha huwekwa kwenye friji. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye matokeo likifanywa. Likiachwa ndipo linapoonekana.

Halafu inakuja zamu ya oksijeni. Plastiki hii huganda kwa radikali huru, vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, na oksijeni hula radikali hizo kwa uroho. Kwa hiyo mmumunyo uliokwisha changanywa huwekwa kwenye barafu, na mrija mwembamba huingizwa hadi chini na kububujisha naitrojeni kwa dakika kadhaa. Barafu iko pale ili kiyeyushi kisivukizwe na gesi na kubadilisha uwiano uliopimwa kwa shida. Wengine huongeza hatua ya kugandisha, kuvuta hewa kwa pampu na kuyeyusha, mara mbili tatu. Kisha chupa hufungwa.

Ukiiweka chupa kwenye maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, AIBN huanza kukatika taratibu. Kwenye nyuzi 65 nusu yake huisha kwa takriban saa kumi, kwa hiyo kazi huachwa hadi kesho yake. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye mmumunyo unakuwa na utandu kama wa ukungu, kisha unakuwa mweupe, kisha haumiminiki tena. Njia ya pili ni kutumia mwanga wa urujuanimno na kuiweka chupa kwenye ubaridi, nyuzi 4 hivi. Hiyo ni ya mtu asiyeharakisha, na watafiti walipoilinganisha na ya joto kwa kiolezo cha fenilalanini anilidi, polima za baridi zilitenganisha vizuri zaidi. Sababu iko wazi ukifikiri kidogo: joto huzitikisa theofilini na asidi zisikae pamoja, na unachokigandisha ni mpangilio uliopo wakati wa kuganda. Ukigandisha vurugu, unapata vurugu ngumu.

Kinachotoka ni gongo jeupe, gumu, limeshika kuta za chupa. Mara nyingi chupa huvunjwa kulitoa. Gongo huvunjwavunjwa, husagwa kwa mchi au kinu cha mashine, na kuchekechwa likiwa limeloweshwa kwa asetoni, ili kupata punje za kati ya maikromita 25 na 50 hivi. Punje kubwa hurudi kwenye kinu. Vumbi huleta shida zaidi, maana likibaki litaziba mrija wowote utakaojazwa polima hiyo. Kwa hiyo unga hutikiswa ndani ya asetoni, punje nzuri huachwa zitue, na kimiminika cheupe cha juu humwagwa. Hurudiwa hivyo hadi asetoni ya juu iwe angavu. Mara nyingi nusu ya polima au zaidi huishia kwenye ndoo ya taka. Kupoteza huko kuliwafanya watu watafute njia nyingine, na mwaka 1999 Lei Ye, Peter Cormack na Mosbach walionyesha kwamba ukiongeza kiyeyushi kwa wingi, polima haishikani kuwa gongo; hujitenga yenyewe kuwa vipira vidogo vya duara, na kinu hakihitajiki. Ni hatua nzuri. Lakini kwa kiolezo cha kwanza, cha kujaribu, wengi bado huanza na gongo na mchi, kwa sababu makosa yake yanajulikana.

Kuosha ndiko kunakochosha kuliko yote. Theofilini imo ndani ya plastiki iliyofungika pande zote, na lazima itoke. Chombo cha kazi hiyo kilibuniwa na Mjerumani Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa, na hakijabadilika sana. Kiyeyushi huchemka chini, mvuke hupanda, hupozwa juu, hudondokea kwenye unga uliowekwa katikati. Kikijaa hujimwaga chenyewe chini na mzunguko huanza upya. Unga huoshwa kila mara kwa kiyeyushi safi, na kilichotolewa hubaki chini. Kiyeyushi cha kawaida ni methanoli iliyochanganywa na asidi ya asetiki, tisa kwa moja: methanoli huvunja vifungo vya haidrojeni, na asidi hushindana na theofilini kwenye viti vyake. Saa 24, mara nyingine siku mbili. Baadaye methanoli peke yake, ili asidi ya kuoshea nayo itoke, la sivyo itakuwa imejaza yale matundu iliyokuja kuyafungua.

Na hata hapo haijaisha. Mwaka 1994 mkemia Börje Sellergren alitumia polima ya namna hii kuchuja pentamidini, dawa inayotumika kutibu malale, kutoka kwenye mkojo. Kazi hiyo ilifungua mlango wa matumizi makubwa ya polima hizi, yaani kibomba kidogo kilichojazwa unga, unachomiminia sampuli, unaosha uchafu, halafu unatoa ulichokitaka. Upesi watu waligundua kwamba chembe za kiolezo zilizonaswa ndani kabisa ya plastiki huendelea kuvuja, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Ukitafuta dawa yenye kiasi kikubwa hilo si kitu. Ukitafuta sumu iliyopo kwa kiasi cha chembe, unaweza kuikuta sumu uliyoiweka wewe mwenyewe wakati wa kutengeneza chujio. Dawa ya tatizo hilo ilitokea mwaka 1997 katika kazi ya Lars Andersson na wenzake: kutumia kiolezo bandia, molekuli inayofanana na unayoitafuta kiasi cha kuacha tundu linaloifaa, lakini inayotambulika tofauti kwenye kipimo. Ikivuja, inavuja kwa jina lake.

Kwa sisi tunaokula ugali, kiolezo bandia si jambo la mbali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa kitovu, mahindi yaliyoota ukungu yalisababisha watu 317 kuugua kwa sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote kwa jumla. Hiyo ni gramu moja ndani ya tani 100. Ili kuipima, lazima kwanza itengwe na wanga, mafuta na rangi za nafaka, na kwa kawaida hilo hufanywa na vibomba vyenye kingamwili, ambavyo ni ghali, hutunzwa kwenye ubaridi, na huharibika vikiguswa na kiyeyushi kikali. Polima yenye chapa hukaa rafuni kwa miaka, huvumilia joto na asidi, na huoshwa ikatumika tena. Ila nani atathubutu kupima miligramu mia kadhaa za aflatoksini, sumu inayoleta saratani ya ini na yenye bei ya kutisha, ili azigandishe ndani ya plastiki? Kwa hiyo watafiti wametumia dimethoksikumarini, molekuli isiyo na hatari hiyo, inayobeba kipande kilekile cha pete ambacho aflatoksini nayo inacho. Aflatoksini huingia kwenye tundu kwa kipande hicho. Maabara moja ya Hispania imeweka polima ya namna hiyo kwenye fimbo ndogo yenye sumaku inayozungushwa ndani ya sampuli za vyakula vya watoto wachanga, kisha fimbo ikatolewa na sumu ikiwa juu yake.

Sitaki kuzisifia polima hizi kupita kiasi. Hazijachukua nafasi ya kingamwili kwenye maabara za nafaka, na sababu kubwa ni maji. Matundu yaliyoundwa ndani ya klorofomu huitambua molekuli yake vizuri ndani ya klorofomu. Ukileta maji, vifungo vya haidrojeni hulegea, na plastiki huanza kuvuta kila kitu chenye asili ya mafuta. Ndiyo maana katika kibomba kuna hatua ya kuosha inayoamua kila kitu: sampuli ikishapita, kibomba hukaushwa vizuri, kisha kiyeyushi kilekile ambamo polima ilizaliwa humiminwa kidogo. Kilichoganda kwa bahati kinaondoka. Kilichomo ndani ya matundu kinabaki. Mililita moja ya ziada, na hata cha matunduni kinaanza kutoka. Kiasi hicho hutafutwa kwa mkono, sampuli baada ya sampuli.

Nilitaja polima ya pili isiyo na kazi. Kila mara fundi anapotengeneza polima ya theofilini, pembeni hutengeneza nyingine kwa vijenzi vilevile, kiyeyushi kilekile, joto lilelile, kinu kilekile, kuosha kulekule kwa siku nzima, ila bila theofilini. Kisha huzipima zote mbili. Tuseme ya kwanza inashika sehemu 80 katika 100 za theofilini iliyomiminwa. Hiyo ni namba ya kufurahisha, mpaka ya pili ishike 70. Hapo ujue kwamba plastiki yenyewe inapenda theofilini, na chapa haijafanya kitu. Namba yenye maana ni uwiano kati ya hizo mbili. Na mafundi wakali zaidi hawaridhiki hata na hilo, kwa sababu polima iliyoganda bila kiolezo inaweza kuwa na vinyweleo tofauti, eneo dogo la uso, na kushika kidogo kwa sababu hiyo tu. Wao hupima eneo la uso kwa kufyonzesha gesi ya naitrojeni, na hutengeneza polima ya tatu iliyopigwa chapa ya molekuli nyingine ya jamii ileile. Ikiwa polima ya theofilini inaipenda theofilini na ile nyingine inapenda ya kwake, ndipo wanapokubali. Kazi kubwa hivyo kwa ajili ya kujishuku wenyewe, na yote hutupwa baada ya vipimo.

Kuna kazi moja ya Michael Whitcombe na wenzake, ya mwaka 1995, ambayo kwa umaridadi sijaona nyingi zinazoizidi. Walitaka kolesteroli, ambayo ina mahali pamoja tu pa kushikwa, hidroksili moja. Kwa vifungo hafifu peke yake kitu cha namna hiyo huteleza. Kwa kifungo halisi, kushika tena kungekuwa kwa taratibu mno. Wakaifunga kolesteroli kwenye kijenzi kwa daraja dogo la kaboneti, wakagandisha, kisha wakalivunja daraja. Daraja likivunjika huondoka kama kaboni dioksidi, gesi, na mahali pake panabaki pengo lenye upana wa atomu chache. Pengo hilo ndilo nafasi ambayo kifungo cha haidrojeni kinaihitaji kati ya kolesteroli inayorudi na ukuta unaoingoja. Walikuwa wamehesabu hata nafasi ya kushikana.

Ugumu mmoja ulibaki kwa njia zote hizo: matundu hayalingani. Katika gongo moja kuna machache yaliyotoka sawasawa, mengi ya wastani, na mengine yaliyokaa ndani mno yasifikiwe na kitu. Timu ya Sergey Piletsky, Uingereza, kwanza Cranfield na baadaye Leicester, iliutatua kwa kuubadilisha mpangilio wa kazi. Walichukua punje za kioo zenye upana wa chini ya sehemu ya kumi ya milimita, wakakiunga kiolezo juu ya uso wa kioo kisiweze kuondoka, wakazijaza kwenye chombo pamoja na vijenzi, na kuwasha mwanga wa urujuanimno kwa dakika chache tu. Polima haipati muda wa kuwa gongo. Inaota kama chembe za nano kuvizunguka violezo, na mwanga unazimwa.

Baada ya hapo kiolezo chenyewe ndicho kinachochagua. Chombo huoshwa kwa kiyeyushi baridi, na vijenzi vilivyobaki huondoka pamoja na chembe zenye matundu mabovu, kwa kuwa hazina nguvu ya kung'ang'ania. Kisha kiyeyushi kinapashwa hadi nyuzi 60 hivi, na sasa zinaachia zile zilizoshika kwa nguvu. Hizo ndizo zinazokusanywa. Chembe zinazotoka hazina kiolezo ndani yake, kwa sababu kiolezo kimebaki kwenye kioo, kwa hiyo siku mbili za Soxhlet hazihitajiki na tatizo la kuvuja limekwisha. Kwa njia hii hata protini nzima, ambayo isingevumilia klorofomu wala nyuzi 60 za usiku kucha, imepigwa chapa ndani ya maji, mwanga ukiwa umebadilishwa na vianzishi vinavyofanya kazi kwenye joto la chumba. Punje za kioo huoshwa, hupewa vijenzi vipya, na kazi inaendelea na kiolezo kilekile.